Skripti Iliyopumzisha Mashine

Mimi hukasirika haraka, lakini hakuna kilichonikasirisha kama skripti ile, programu ndogo ya kutoa vyeti vya maksi. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika chuo kimoja hapa Kisangani. Cheti kilipaswa kuonyesha mtu alikuwa wa ngapi darasani, kwa hiyo skripti iliiuliza hifadhidata maksi za mwanafunzi mmoja, ikangoja, ikauliza za mwingine, hadi iwamalize wote waliowahi kusoma chuoni. Ni kama kwenda sokoni kununua nyanya moja, kurudi nyumbani, kisha kwenda tena kwa ajili ya nyingine. Asubuhi nzima iliishia hapo. Umeme ukikatika katikati, tunaanza upya.

Siku moja alikuja dada mmoja wa Basoko, mji wa mbali mtoni, aliyemaliza masomo kwetu. Shule ya kwao ilimwekea nafasi ya ualimu, lakini ilitaka kuona cheti juma hilohilo, na boti la kwenda huko lilikuwa linaondoka adhuhuri. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi nikaamua kuifungua skripti yenyewe.

Nusura nipige meza. Baada ya kila swali, aliyeiandika alikuwa ameweka pumziko! Nikamuuliza papa chef, mkuu wa ofisi yetu.

"Ni mimi nilimwambia aweke," akasema. "Mashini iko inachoka, donc inapumuzika kidogo. Hata mutu anapumuzika, si vile?"

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikafuta pumziko, nikaandika swali moja tu la kuleta maksi za darasa lote la yule dada kwa mkupuo, nikaongeza na faharasa ili hifadhidata isipekue kila kitu tangu mwanzo. Nikabonyeza. Cheti kikatoka kabla sijaketi vizuri. Dada akapiga makofi, na mimi nikafurahi kama mtoto.

Papa chef akakipokea ili atie sahihi, akakigeuza mbele na nyuma, kalamu yake bado mfukoni.

"Hii imetoka mbio sana. Bon, cheti ya kweli haitokake hivi. Watu watasema tuko tunatengeneza ya uongo."

Nikamwonyesha maksi kwenye skrini, moja baada ya nyingine, zikilingana na za kwenye karatasi. Akatikisa kichwa. Nikapandisha sauti, lakini dada akanisihi kwa macho ninyamaze.

"Mukae kwanza," papa chef akasema. "Tuipatie wakati yake ya kawaida."

Tukakaa kwenye benchi, nikiwa nimefura kwa hasira, huku kompyuta haina kazi yoyote. Boti likapiga honi bandarini. Baadaye sana papa chef akatazama saa ya ukutani, akaridhika, akatia sahihi, akagonga muhuri.

Dada akamshukuru kwa adabu. Kisha akanigeukia mimi.

"Tonton, boti ingine ya Basoko iko siku gani?"

"Semaine yenye kuya," nikamwambia, yaani juma lijalo.