Mtu wa Mifuko ya Vumbi

Katika karakana ya mbao ya Mzee Kingori, pale Kiganjo miaka ya sabini, hakukuwa na kazi mbaya kuliko ya Gicheru. Nyuma ya karakana palikuwa na chumba cha mabati, na ndani yake mifuko mirefu ya kitambaa ilining'inia kama suruali kwenye kamba. Feni kubwa ilivuta unga wa mbao kutoka kwenye misumeno na kuusukuma humo. Mifuko ikishaziba, mtu alizima feni, akaingia, akaichapa kwa fimbo mpaka unga udondoke. Mtu huyo ndiye Gicheru. Alitoka mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu, na siku hizi alitoka akikohoa damu.

Fundi wa mitambo hapo alikuwa Mathenge, mdogo wake. Mama yao alipofariki Gicheru ndiye aliyemlea, akamtafutia na ufundi. Sasa Mathenge alikisikia kile kikohozi hata juu ya kelele za misumeno. Alimsihi kaka yake aache kazi. Gicheru akamuuliza aende wapi. Shamba la baba yao lilichukuliwa na wengine wakati wa kugawanywa ardhi, baba akiwa amefungwa kizuizini na wakoloni, na kwao mwanamume asiye na shamba wala kazi hata kwenye kikao cha mahari huketishwa karibu na mlango. Afadhali vumbi, alisema.

Basi Mathenge akamsumbua Mzee Kingori anunue kitu cha kutingisha mifuko bila mtu kuingia. Alimsumbua asubuhi, akamsumbua jioni, mpaka mzee akachoka.

"Haya, enda Nyeri uchague hiyo kitu," alisema. "Lakini ni moja tu, na nisisikie tena hiyo maneno."

Dukani Nyeri muuzaji alimwekea visanduku viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa na saa ndani.

"Hii inafanya peke yake," alisema muuzaji. "Inazima feni, inatingisha mifuko, inawasha feni tena. Hapo huhitaji mtu."

Cha pili hakikuwa na saa. Kilikuwa na kitufe, na mrija wa kioo wenye maji mekundu. Mifuko ikianza kuziba maji yalipanda, na mtu aliyeketi nje akabonyeza kitufe, kisanduku kikamaliza kazi.

"Lakini hii ni ya kizamani," muuzaji aliongeza. "Kwa nini uweke mtu na saa iko?"

Mathenge alivigeuza visanduku mikononi, kimoja baada ya kingine. Alijua chenye saa ni bora. Fundi yeyote angelijua hilo. Lakini huhitaji mtu! Mzee Kingori angekitazama asubuhi moja tu, kisha aulize Gicheru anakula mshahara wa nini. Alitaka kaka yake atoke mle ndani, hakutaka atoke langoni. Akachukua chenye kitufe.

Na kweli mambo yalitulia. Gicheru aliwekewa kigoda nje ya chumba cha mabati, akawa wa kutazama maji mekundu na kubonyeza. Kikohozi kilipungua. Mathenge alianza kulala usingizi.

Lakini wale mafundi! Watu wazuri, wa kanisani kila Jumapili, ila midomo yao haina breki. Ngatia wa msumeno mkubwa ndiye aliyeanza.

"Mzee wa kubonyeza!" aliita. "Ati kidole haijachoka? Tukuletee msaidizi?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mathenge naye alicheka, tupa ya kunolea misumeno mkononi. Alifurahi kwamba shida yao kubwa sasa ilikuwa ni mzaha tu.

Kisha ukaja ukungu wa Julai. Unga ukashika unyevu, ukagandamana kwenye vitambaa. Kisanduku kikatingisha weee, maji hayakushuka. Mathenge alikuwa amemwagiza kaka yake: ukiona hivyo niite, tusimamishe kazi tubadilishe mifuko. Gicheru hakumwita. Alizima feni, akachukua fimbo yake, akaingia. Aliingia mara ngapi, hakuna ajuaye, maana mifuko ilikuwa safi na kila mtu aliridhika. Mathenge mwenyewe, mjinga wa watu, alikisifu kisanduku mbele ya Mzee Kingori.

Mchana mmoja alipita akakuta kigoda kitupu na feni kimya. Alifungua mlango wa bati. Gicheru alikuwa amepiga magoti ndani ya vumbi, shati limelowa damu kifuani, na fimbo bado ameishika.

Hospitalini daktari alimtoa Mathenge nje ya wodi, akamwambia mapafu yamekwisha, aite watu wa nyumbani. Mathenge akarudi kitandani, na hasira ikamtangulia machozi.

"Nilikuwa nimekutoa huko," alisema. "Nilikutoa, Gicheru! Ulirudi kutafuta nini?"

Gicheru alichukua muda kupata pumzi.

"Walikuwa wananiona kama mtoto ameketishwa kando asisumbue watu wakubwa."

"Huyo ni Ngatia na mdomo yake! Si ungeniambia mimi?"

Gicheru alimtazama, na usoni hakuwa na kinyongo chochote.

"Ningekuambia aje," alisema, "na wewe pia ulicheka."