Kathure na Mama Yake Wakutana Dubai

Kathure aliondoka Nkubu, Meru, mwaka 2007 akiwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, akaenda kusomea uuguzi Texas. Alidhani angerudi likizo ya kwanza. Likizo ya kwanza ilipofika hakuwa na nauli. Ya pili ilipofika, karatasi zake zilikuwa zimeingia utata, na wakili akamwambia kwamba akitoka nje ya Marekani huenda asiruhusiwe kuingia tena. Akakaa. Baba yake alipofariki mwaka 2014, mazishi aliyafuatilia kwenye simu ya binamu yake, picha ikikwamakwama, na kesho yake akarudi darasani.

Baadaye aliolewa na Ngugi, Mkikuyu mpole anayeendesha lori la mizigo kati ya Fort Worth na Houston. Karatasi zikanyooka polepole. Akapata kazi katika hospitali moja ya Fort Worth, kwenye wodi inayotibu vidonda visivyopona: miguu ya wagonjwa wa kisukari, migongo ya wazee waliolala sana. Ni kazi ambayo wauguzi wengi huikimbia kwa sababu ya harufu. Kathure aliizoea.

Mama yake, Charlotte, alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi. Aliomba viza ya Marekani mara mbili, na mara zote mbili akatoka ubalozini Nairobi mikono mitupu. Mara ya pili aliyemhoji hakumaliza hata kusikiliza jibu lake. Charlotte akapanda gari la kurudi Meru na kusema hataomba tena, yeye si ombaomba.

Mwaka 2018 Kathure alipata kadi ya ukaazi. Sasa angeweza kusafiri, lakini kazini walimpa wiki moja tu.

"Nikienda nyumbani kwa wiki moja," alimwambia Truphosa, muuguzi mwenzake kutoka Kakamega, "nitaona wageni tu. Watajaa kutoka asubuhi mpaka jioni. Mama atakuwa jikoni anachemsha chai."

Truphosa alifikiri kidogo. "Basi kutaneni katikati. Si kuna Dubai? Viza ya huko wakala anamshughulikia mama yako haraka sana. Wewe una-book hoteli, yeye anakuja. Nyote mtakuwa watalii."

Jumapili hiyo Kathure alimpigia mama yake simu na kumweleza.

"Huko kuna jangwa?" Charlotte akauliza.

"Liko, Mama. Mji wenyewe umejengwa jangwani."

"Basi nitakuja."

Maisha yake yote ya kazi alikuwa amefundisha watoto habari za jangwa, akiwachorea vilima vya mchanga kwa chaki ubaoni, bila kuliona hata siku moja.

Walikutana Novemba. Ndege ya Kathure kutoka Dallas ilitangulia kutua, akasimama kwenye ukumbi wa wanaowasili, mgongo ukimuuma. Charlotte alitokea akisukuma toroli, amevaa sweta ya buluu na viatu vyeusi vipya. Alimtazama Kathure usoni, akampita. Akaenda moja kwa moja kwa msichana mmoja mwembamba aliyesuka nywele, akamgusa bega. Msichana akageuka kwa mshangao.

"Mama," Kathure aliita. "Niko hapa."

Charlotte akageuka. Walikuwa wakionana kwenye simu kila Jumapili, lakini simu huonyesha uso tu, tena uso wenyewe ukiwa karibu mno. Kathure alikuwa amenenepa na kukata nywele.

"Nilikuwa natafuta mwembamba," Charlotte alisema.

Wakacheka wote wawili kwa aibu. Kukumbatiana walikumbatiana ndani ya teksi, wameinama vibaya kwa sababu ya mikanda.

Kathure alikuwa ametarajia mapumziko. Alitaka kulala, kuamka, kukaa na mama yake kwenye kibaraza cha hoteli na kuongea. Charlotte hakuja kwa ajili hiyo. Alfajiri alikuwa ameshavaa, mkoba mapajani, anasubiri. Alitaka kuona kila kitu. Walikwenda kwenye duka kubwa ambalo ndani yake papa waliogelea nyuma ya kioo. Walipanda treni isiyo na dereva, na Charlotte akakaa kiti cha mbele kabisa akiangalia reli kama anayesahihisha mtihani. Walifika mahali ambapo watu waliteleza juu ya theluji ndani ya jengo, nje jua likiwaka. Charlotte alisimama kwenye kioo muda mrefu.

"Theluji jangwani," alisema. "Sasa mtoto akiniuliza hali ya hewa ya huku, nimjibu nini?"

Aliongea na kila mtu: mlinzi kutoka Uganda, msichana wa Kifilipino aliyeuza manukato, mama mmoja Mhindi waliyekaa naye kwenye benchi. Hata na binti yake aliongea, lakini kuhusu majengo tu. Kila Kathure alipojaribu kuuliza habari za nyumbani, Charlotte alionyesha kitu kingine cha kutazama.

Kathure aliona mambo mengine. Mama yake alinunua maji kila walikopita, akayamaliza, akanunua tena. Aliulizia choo mara kwa mara. Alitembea taratibu, na penye ngazi alitafuta lifti. Kathure aliyaona, akayapa sababu: joto, umri, viatu vipya. Alikuwa amejiambia kwamba wiki hiyo yeye si muuguzi.

Siku ya kwenda jangwani, gari lilikuja kuwachukua baada ya chakula cha mchana. Dereva alikuwa Mpakistani mwenye ndevu za kijivu, jina lake Tariq. Mji uliisha ghafla, yakabaki mapito ya ngamia na nguzo za umeme, halafu mchanga mtupu. Tariq alisimamisha gari chini ya kilima kirefu chekundu na kuwaambia wavue viatu, kwa kuwa mchanga hupendeza ukikanyagwa kwa miguu mitupu. Watalii wengine walivua, Kathure akavua.

"Mimi nitapanda na viatu vyangu," Charlotte alisema.

"Vitajaa mchanga, Mama."

"Vikijaa nitavikung'uta."

Akapanda, akipumzika kila baada ya hatua chache. Juu alichutama, akachota mchanga kwa viganja na kuuacha upite katikati ya vidole. Akachota tena.

"Kitabu kilisema mchanga," alisema. "Hakikusema ni laini namna hii. Huu ni kama unga uliochekechwa."

Alimwuliza Tariq upepo huvuma kutoka upande gani, na vilima huhama kwa kasi gani. Tariq alisema tangu aanze kazi hiyo hakuna mtalii aliyewahi kumwuliza hivyo, wote huuliza mahali pa kupiga picha. Charlotte alifurahi kama mtu aliyepewa tuzo. Kathure alimpiga picha akiwa amenyoosha mkono kuonyesha mgongo wa kilima, ule upande wa upepo, na ule mwingine ulioporomoka.

Wakati wa kurudi madirisha ya gari yalifungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Kathure alikaa nyuma pamoja na mama yake. Kulikuwa na harufu. Ilikuwa ndogo, tamu kidogo, ya kitu kinachooza chini ya kitambaa. Mtalii mwingine angedhani ni chakula kilichosahauliwa. Kathure hakuhitaji kufikiri. Alitazama viatu vyeusi vya mama yake, akatazama nje. Walipofika hotelini, akafunga mlango wa chumba.

"Mama, vua viatu."

"Nitavua nikienda kuoga."

"Vua sasa hivi."

"Unaniamrisha, Kathure?"

"Ndiyo."

Charlotte alikaa kitandani. Kathure alipiga magoti kwenye zulia na kumvua mwenyewe. Soksi ya mguu wa kushoto ilikuwa imegandamana na ngozi, ikabidi ailoweshe kwa maji kabla ya kuivuta. Chini ya kidole gumba, kwenye unyayo, kulikuwa na kidonda chenye upana wa kifuniko cha soda, kingo zake nyeupe, katikati usaha. Mama alikuwa amekijaza pamba na kukifunga kitambaa cha leso.

"Hakiumi," Charlotte alisema.

"Ndiyo shida yenyewe. Kingepaswa kuuma."

Sukari ilikuwa imegunduliwa mwaka mmoja baada ya mazishi ya mumewe. Kidonda kilianza Agosti, kutokana na jiwe dogo ndani ya kiatu ambalo hakulisikia kutwa nzima. Charlotte aliyasema haya kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma majina darasani.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi kazi yangu ni hii! Kila siku nashika miguu ya watu nisiowajua!"

"Ningekuambia ili ufanye nini? Ungekuja?"

Kathure aliiokota ile leso, akaitupa kwenye pipa.

"Ungelia kwenye simu," Charlotte aliendelea, "halafu uende kazini na macho mekundu. Na safari hii ungeniambia nisije. Mimi nilitaka kuja."

Kathure alishuka kwenye duka la dawa lililokuwa chini ya hoteli, akanunua maji ya chumvi ya kusafishia, shashi, bandeji, na mashine ndogo ya kupimia sukari. Alikisafisha kile kidonda kama alivyosafisha cha mtu yeyote kazini. Alipomaliza aliingia bafuni, akafungua maji, akalia humo.

Kesho yake walikwenda kliniki. Daktari, mwanamke wa Kihindi, alisema mfupa unaonekana haujaguswa, akaandika dawa na kukataza mguu usikanyage chini. Kathure aliazima kiti cha magurudumu hotelini. Charlotte alikikataa asubuhi nzima. Mchana alikikalia, na jioni alikuwa amegundua kwamba watu hupisha kiti cha magurudumu, na kwamba kwenye ule mnara mrefu kupita yote duniani wenye viti hupelekwa mbele ya foleni. Juu kabisa, Kathure alimsogeza hadi kwenye kioo. Chini majengo yaling'aa, barabara zikapinda kama kamba, kisha vyote vikakoma na rangi ya kahawia ikaanza.

"Pale ndipo walipofikia kujenga," Charlotte alisema, akionyesha. "Wakichoka kumwagilia miti, mchanga utarudi."

Siku zilizobaki hawakwenda mbali. Asubuhi na jioni Kathure alibadilisha bandeji, mama kitandani na binti sakafuni, na hapo ndipo walipozungumza. Mtu akiushika mguu wako huna pa kwenda. Kathure aliuliza kuhusu mazishi ya baba yake: nani alihubiri, mvua ilianza saa ngapi, kaburi liko upande gani wa migomba. Charlotte alijibu yote. Naye aliuliza kuhusu Ngugi, mkwe ambaye hajawahi kumwona ana kwa ana.

"Ni mrefu?"

"Si sana."

"Anakula nini huko barabarani?"

Kathure akampigia mumewe. Ngugi alikuwa ameegesha lori kando ya barabara kuu ya kwenda Houston, akala mkate mbele ya kamera ili mama mkwe aone. Charlotte alimwambia mkate si chakula. Ngugi akasema, "Ni kweli, Mama," akaonyesha na ndizi.

Uwanja wa ndege waliagana bila maneno mengi. Kathure alikuwa ameshampigia mdogo wake Modestus, aliyeko Nkubu, na kumpa maagizo mpaka akachoka kusikiliza. Ndani ya begi la mama aliweka bandeji za miezi kadhaa. Viatu vyeusi vilibaki kwenye pipa la takataka la hoteli, na Charlotte akasafiri na makubadhi mapana ya mpira, akilalamika kwamba anaonekana kama mtu aliyetoroka hospitali.

Januari 2019, hospitali moja Meru ilimkata vidole viwili. Mguu ulibaki. Kuanzia hapo, kila Jumapili, Charlotte alipopokea simu, kamera ilianza kwenye unyayo, na uso ulikuja baadaye.

Walipanga kukutana tena Aprili 2020. Machi mipaka ikafungwa. Wodi ya Kathure ikageuzwa ya wagonjwa wa korona, na Truphosa akaugua wiki tatu, akapona. Kathure alivua nguo za kazi gereji kabla ya kuingia ndani, na Ngugi alilala chumba kingine. Mama yake alimpigia kila siku, akauliza swali moja tu, kama amekula.

Anga ilipofunguliwa, Kathure na mumewe waliomba likizo pamoja, na Desemba wakaenda Nkubu. Wageni walijaa, kama Kathure alivyotabiri, na Charlotte alikuwa jikoni. Asubuhi ya siku ya nne nyumba ilitulia. Modestus alimchukua Ngugi kwenda kutazama pampu ya maji iliyoharibika. Kathure na mama yake walishuka hadi kwenye migomba, Charlotte akiushikilia mkono wa binti yake kwa sababu udongo ulikuwa na utelezi. Kaburi lilikuwa limepakwa chokaa upya. Kathure alisimama pale, akasoma jina, akang'oa magugu machache pembeni, na mama yake akamwonyesha yapi ni magugu na yapi ni maua aliyoyapanda mwenyewe.