Bata Aliyetiwa Edani Shella

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ofisi ya mifugo ya Malindi na viatu vipya vilivyonibana, mkononi nina barua ya kuajiriwa niliyoikunja na kuikunjua mpaka ikaanza kuchanika. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimetoka kwetu Ukambani, nimemaliza chuo cha mifugo, na cheo changu kilikuwa msaidizi wa afya ya mifugo, yaani ngazi ya chini kabisa, yule anayeshika ng'ombe ili mwingine amdunge sindano. Karani aliponiona mlangoni alisema, "Wauza mayai hupitia nyuma."

Afisa wa Mifugo, ambaye sote tulimwita Bwana Afisa, alikuwa mtu mrefu, mkavu wa maneno, na mfukoni mwa shati hakukosa kalamu mbili, ya buluu na nyekundu. Ya buluu ilikuwa ya mambo yaliyokwisha. Nyekundu ilikuwa ya mambo yanayomkosesha raha. Aliisoma barua yangu mara mbili.

"Wameniletea mwanamke," akasema, kisha akafikiri kidogo. "Haidhuru. Ng'ombe hawaulizi. Kesho uwe joshoni Matsangoni."

Vijana wa leo hunyunyizia dawa kwa bomba la mgongoni, kwa hiyo nieleze. Josho ni handaki la saruji lililojaa maji ya dawa ya kupe. Ng'ombe huingizwa mmoja mmoja, hutumbukia, huogelea, hutokea ng'ambo akitiririka. Kazi yangu ilikuwa kupima maji, maana dawa ikizidi humchoma mnyama na ikipungua kupe hucheka. Msimamizi wa josho, Mzee Charo, Mgiriama aliyekuwa hajasoma chuo chochote, alimzuia kila mchunga langoni kwa maswali matatu: Wamelala wapi? Wamekunywa wapi? Wamekula nini? Mimi niliyaona maswali ya kupoteza wakati. Nilikuwa na cheti.

Baada ya Matsangoni nilipelekwa Gede, nikazunguka na baiskeli yenye kisanduku cha barafu, nikitia kuku chanjo ya mdondo kwa tone moja jichoni. Mdondo ni tauni ya kuku. Ukiingia mtaa, kuku hupinda shingo, huharisha kijani, hupooza miguu, na kwa juma moja banda hubaki manyoya. Kisha nikarudishwa ofisini Malindi. Nilikuwa bado katika majaribio, maana yake ningeweza kuachishwa kazi kwa barua ya mistari miwili.

Hapo ndipo alipokuja Mwanaisha, mama mmoja wa Shella, mtaa wa papo hapo Malindi, akasimama mbele ya meza ya karani na kusema kwamba jirani yake, Bi Zena, ana bata asiyeweza kusimama.

"Amlete," akasema karani.

"Hawezi kutoka. Amefiwa na mumewe, yumo edani."

Eda ni ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane wa Kiislamu hukaa ndani. Makarani walicheka, eti bata naye aitiwe serikali. Bwana Afisa hakucheka. Mdondo ulikuwa umeripotiwa vijiji vya bara, na aliposikia habari ya miguu alichomoa kalamu nyekundu. Kisha akaniangalia. Mwanamume asingeweza kuingia nyumba ile.

Nilibisha hodi, nikaingia, nikasema kwa Kiswahili changu cha bara, "Habari yako, mama?"

Mwanamke mzima mwenye uso mwembamba, kavaa nguo nyeupe, alinitazama juu hadi chini. Halafu akasema kwa upole, "Mwanangu, kwetu mdogo huanza kwa shikamoo. Haya, anza tena."

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Sasa ndoo umtizame." Ndoo ndiyo njoo yao watu wa visiwa vya kaskazini. Bi Zena alikuwa mzaliwa wa Pate, aliyeletwa Malindi na mumewe, mshona kofia.

Bata mwenyewe alikuwa na umri wa wiki tisa, rangi ya majivu, jina lake Tunu. Alianguliwa wiki chache baada ya mazishi. Mama yake alichukuliwa na nguchiro, nduguze wakafa, akabaki yeye, akalelewa ndani ya nyumba na mjane asiyetoka. Nilipoingia alikuwa amekalia magoti, miguu imepinda nje kama vishikio vya kikapu. Alijaribu kuja kwa Bi Zena kwa kujisukuma na mbawa, akaangukia kifua.

Shingo yake ilikuwa sawa na kinyesi chake kizuri. Ningetulia ningefikiri. Lakini nilitaka kuonekana mtaalamu, nikatamka kwamba mfupa umeteguka. Nikachukua chelewa za ufagio, nikazikata, nikamfunga banzi mguu wa kushoto, uliokuwa umepinda zaidi. Banzi ni vijiti vya kunyoosha kiungo. Nikalikaza barabara.

Ofisini Bwana Afisa alisikiliza ripoti yangu amesimama. "Bata hubeba mdondo asionyeshe lolote," akasema. "Huyu kaonyesha. Kuku wote wa mtaa ule wachinjwe, wazikwe kwa chokaa."

Mtaa ule ulikuwa na nyumba kama thelathini. Kuku ndiye kitoweo mgeni akija, ndiye ada ya shule. Niliuliza kama tunaweza kungoja.

"Una hakika si mdondo?"

"Sina, Bwana Afisa. Lakini kuku wa jirani ni wazima. Ungekuwa mdondo wangetangulia wao."

Aliifungua faili yangu, akaitazama barua ya majaribio.

"Siku kumi," akasema. "Ndege asiingie, asitoke. Kuku mmoja akifa kwa ugonjwa, nakuja na chokaa. Na siku ya kumi bata asiposimama, atachinjwa hata kuku wakiwa wazima. Sitaki kiwete nisiyejua kalemazwa na nini."

Nilimpelekea Bi Zena habari hiyo nikitazama chini. Yeye akacheka kidogo. "Mimi nimo edani, na sasa Tunu naye katiwa edani." Lakini alimvutia bata mapajani, akamfunika kwa leso.

Nilikuwa nikipita kila siku baada ya kazi. Siku ya tatu niligusa kidole cha Tunu chini ya banzi, nikakikuta baridi. Nilipofungua, mguu ulikuwa umevimba na kuwa rangi ya zambarau, na kitambaa kimekata ngozi. Nilikuwa nimeizuia damu. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto, kwa ajili ya bata, na kuku wa watu, na mama yangu nyumbani ambaye tayari alikuwa ameliambia kanisa zima kwamba binti yake ni daktari wa serikali.

"Machozi yana chumvi, yatamuuma kidondani," akasema Bi Zena. "Lete maji ya vuguvugu."

Tulimkanda yeye na mimi. Mpaka rangi iliporudi kidogo kidogo, hakunilaumu hata kwa jicho. Tulipokuwa tumeinamia karai nilimuuliza swali ambalo Mzee Charo angeliuliza mlangoni.

"Bi, anakula nini?"

"Nilacho mimi. Sima. Makombo ya sima na pumba za mahindi."

"Na bata wako wa zamani?"

"Ah, wale walikula vyema. Marehemu hakulala bila kula wali. Mpunga tukitwanga uani wenyewe, wishwa zote zikawa za bata, na vichwa vya samaki. Tangu afe sijapika wali. Nimpikie nani?"

Nilirudi chumbani kwangu nikafukua madaftari ya chuo. Jibu lilikuwepo, kwenye ukurasa ambao sikuupa uzito kwa kuwa mtihani haukuuuliza. Bata mchanga anahitaji vitamini iitwayo niasini kuliko kuku, na mahindi hayampi ya kutosha. Akilishwa mahindi matupu, magoti huvimba na miguu hupinda. Wishwa, yaani pumba za mpunga, zinayo tele. Samaki anayo. Hamira ya mikate pia inayo. Hakuwa na mdondo wala mfupa ulioteguka. Lilikuwa pengo la sufuria ya wali katika nyumba ya msiba.

Kuanzia siku ya nne tukaanza upya. Hamira kijiko kidogo tuliikoroga katika maji yake ya kunywa. Mwanaisha alileta wishwa kutoka mashine ya kukoboa mpunga, na vidagaa sokoni. Sakafu ya saruji tuliitandika mchanga laini ili magoti yasichubuke. Bi Zena alikata leso kuukuu, akaitoboa matundu mawili ya miguu, akaining'iniza kati ya viti viwili, Tunu akakaa humo kama mzigo wa sokoni, vidole vikigusa chini bila kubeba uzito wote. Na asubuhi na jioni tulimwelesha katika birika la kuogea, lile tangi la saruji la nyumba za zamani. Maji humbeba bata, naye hupiga miguu akidhani anakwenda mahali.

Siku ya tano nilipofika, nilikuta harufu ya nazi imejaa hadi mlangoni. Bi Zena alikuwa amepika wali. "Ni wa Tunu," akasema haraka, kama mtu aliyefumaniwa. "Lakini kupika kikombe kimoja sijui. Keti ule." Tulikula sinia moja. Yeye alikula matonge matatu, akageuza uso ukutani. Kisha akala la nne.

Siku ya saba kuku wa Mwanaisha alikufa. Mwanaisha alinijia mbio na ndoo iliyofunikwa, uso umempauka. "Tumfukie tu," akaninong'oneza. "Nani atajua?" Sitasema kwamba sikufikiri. Nilifikiri njia nzima ya kurudi ofisini, na ndoo ile mkononi. Nikaiweka mezani pa Bwana Afisa.

Alivua saa, akampasua kuku mwenyewe, akatazama koo, utumbo, bandama. Nilisimama nimeshika ukingo wa meza. Mwisho akaingiza vidole viwili akatoa maganda.

"Yai limemvunjikia ndani," akasema, akanawa mikono polepole. "Umemleta wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, Bwana Afisa."

"Hm." Akavaa saa yake.

Siku ya kumi alikuja Shella na mtu aliyebeba gunia la chokaa begani. Majirani walisimama milangoni, kila mmoja ameshika kuku wake kama mtoto, asinyang'anywe. Kwa kuwa hangeweza kuingia, Bwana Afisa aliketi kwenye baraza ya nje. Bi Zena alibaki nyuma ya mlango, akaufungua kiasi. Mimi nilikuwa kati yao. Jana yake Tunu alikuwa amesimama mara mbili na kuketi mara tatu.

"Haya, Tunu," tukaisikia sauti ya Bi Zena. "Nenda ukasalimu wageni."

Kwanza ukaja mdomo, kisha kichwa, akatazama kulia na kushoto. Akakanyaga kizingiti, akayumba, akafungua mbawa. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ameteremka kidaraja cha mlangoni na anatembea, anachechemea kushoto lakini anatembea, moja kwa moja hadi kwenye kiatu cha Bwana Afisa, akaanza kuidonoa kamba yake. Mwanaisha akapiga kigelegele, akakikata katikati alipokumbuka nyumba ina msiba.

Bwana Afisa alimnyanyua, akamkunjua mguu. "Hii alama ya kukatwa ni ya nini?"

Ningeweza kusema lolote. "Ni mimi, Bwana Afisa. Nilidhani ni mfupa, nikafunga banzi nikalibana mno."

Nyuma ya mlango sauti ikasema, "Na ni yeye aliyelifungua, bwana. Andika na hilo."

Akatoa kalamu. Ilikuwa ya buluu. "Ripoti yako iandike hivyo hivyo," akaniambia. "Banzi na yote." Kisha akamwashiria yule wa gunia warudi garini. Mtaa mzima ulipumua, na kuku wakaachiwa chini, wakatawanyika wakilalamika. Mimi nikaketi pale pale barazani. Bi Zena alinipitishia maji kwa pengo la mlango. Mwezi uliofuata nilithibitishwa kazini.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, nyingi Kilifi, nikapanda vyeo mpaka nikakalia kiti cha Bwana Afisa mwenyewe. Tunu aliishi miaka sita, akataga na kuangua. Alipokufa kwa uzee Bi Zena alinitumia salamu Kilifi, nami nikaomba ruhusa ya nusu siku. Bwana Afisa, ambaye wakati huo naye alikuwa amehamishiwa Kilifi na anakaribia kustaafu, aliuliza sababu.

"Msiba, Shella," nikasema.

"Yule?"

"Yule."

Akatia sahihi bila kuinua kichwa.

Sasa nami nimestaafu, ninaishi Gede. Vijana wa kazi hii hunitembelea na kuniuliza ninajivunia nini. Chanjo nyingi nilizotoa sizikumbuki. Maagizo niliyoyatimiza ni mengi, na baadhi yake nikiyafikiria hunitia uzito kifuani, kwa kuwa chokaa ikishamwagwa huwezi tena kuuliza mnyama alikula nini. Kwa hiyo huwaambia ukweli wangu, kwamba nilianza kazi kwa kukosea, nikakosea mahali ambapo kosa liliweza kufunguliwa kwa mkono na kukandwa kwa maji ya vuguvugu, mbele ya mama aliyenipa nafasi ya kuanza tena. Wengi hawapati bahati hiyo. Mimi niliipata mapema, na nikiwaza hivyo hulala usingizi mzuri.