Nukta Iliyosimama Korongoni

Baiskeli niliipenda kabla sijawaza kuipima. Naanza na hilo kwa sababu miezi iliyofuata ilikuwa ya simu, chaji na kusoma maelekezo, mpaka baiskeli yenyewe ikawa kitu cha pembeni.

Mimi ni muuguzi. Kwetu ni Singida, lakini serikali ilinipangia zahanati katika kata ya Mbalibali, wilayani Serengeti. Mume wangu ni mwalimu, naye akabaki Mbeya anakofundisha. Tuliomba uhamisho, tukaambiwa tusubiri, nasi tukawa tunasubiri. Kila siku nilikuwa nawaambia akina mama wenye presha wapunguze chumvi na wafanye mazoezi, huku magoti yangu mwenyewe yakilalamika kila nikiinuka kwenye kiti. Mwisho nikaona aibu. Nikaenda Mugumu nikanunua baiskeli ya gia, ya mtumba lakini nzima, nikaanza kutoka nayo mwisho wa wiki kama sina zamu. Mwanzoni watu walisimama kunitazama. Mama mmoja aliniuliza kwa huruma kabisa, "Daktari, pikipiki ya zahanati imeharibika?" Baadaye wakazoea.

Njia niliyoichagua haikuwa barabara kubwa. Ilikuwa ile inayokata kushoto, inapita kwenye mashamba ya ulezi na muhogo, ikaenda upande wa hifadhi. Huko hakuna malori. Kuna ng'ombe, kuna wachungaji wanaokusalimia kabla hujawafikia, halafu kuna korongo lenye mchanga ambapo lazima ushuke uikokote. Ukipanda ng'ambo ya pili, upepo unakupiga usoni na unaona mbali. Nilikuwa nafika pale jasho linatiririka, nasimama tu.

Wenzangu niliosoma nao uuguzi tuna kikundi chetu kwenye simu. Wengi wako mijini. Wakaanza kutuma ramani: huyu ametembea hapa, yule amekimbia pale, mstari mwekundu unazunguka mitaa, chini yake kilomita na mwendo. Niliwaambia na mimi naendesha baiskeli. Mmoja akajibu, "Tuonyeshe basi." Lile neno liliniudhi na kunichokoza kwa pamoja. Nami nilitaka mstari wangu.

Nikapakua programu ya kwanza, ya bure. Bure yenyewe ilikuwa hivi: kila nikiifungua inanitangazia vidonge vya kupunguza mwili, na kila nikimaliza safari inaniuliza kama nataka kulipia ili nione nilichokwisha kukiendesha kwa miguu yangu. Nikavumilia. Jumamosi ile nikaenda mpaka ng'ambo ya korongo, nikarudi, nikaketi kizingitini na simu mkononi. Mstari ulikuwepo, lakini ulikuwa umechorwa juu ya weupe mtupu. Hakuna barabara, hakuna kijiji, hakuna zahanati. Ukiutazama ungedhani nimeendesha baiskeli juu ya karatasi. Tena haukufuata hata njia yenyewe. Ulikuwa umenyooka, umepita katikati ya kilima ambacho hata mbuzi anakizunguka.

Niliutuma hivyohivyo. Yule yule akauliza, "Hapo ni wapi, jangwani?"

Mtaalamu wetu wa maabara, kijana kutoka Mwanza anayejua mambo ya simu, ndiye aliyenishauri programu ya pili. "Hii ina ramani nzuri, dada," alisema. "Halafu unaweza kumpa mtu ruhusa akuone ulipo wakati unaendesha. Kwa usalama." Nikaifurahia ramani. Lile la ruhusa sikulitilia maanani, ila nilimwambia mume wangu usiku huo kama mtu anavyosimulia habari ndogondogo, naye akalidaka.

"Nipe hiyo ruhusa."

"Ya nini?"

"Mama, unaendesha peke yako huko kwenye tembo, unaniuliza ya nini?"

Alikuwa na haki. Tembo wanatoka hifadhini, hasa mahindi yakikaribia kukomaa, na zahanati yetu imewahi kupokea watu ambao hawakuwaona mapema. Nikampa. Kwenye simu yake huko Mbeya nikawa nukta ya buluu.

Kuanzia hapo amani ikapungua. Nikisimama kunywa maji, ujumbe unaingia: mbona umesimama? Nikishuka kusalimia mgonjwa wangu wa zamani: kuna nini hapo? Nilikuwa nimeitafuta programu ya kunihesabia kilomita, nikajikuta nimepata msimamizi. Na bado kilomita zenyewe zilikuwa za mashaka. Safari ileile, njia ileile, leo inanipa hivi, kesho vile. Siku moja nilikwenda semina Tarime, tukamalizia Sirari mpakani kwa gari la halmashauri, nami nimesahau kuizima tangu asubuhi. Programu ikanipongeza kwa kuvunja rekodi yangu, ikapiga na tarumbeta. Wakati huohuo simu ikanasa mtandao wa Kenya, ikanikaribisha ugenini. Sikumaliza kuusoma ujumbe, mume wangu akapiga.

"Uko Kenya unafanya nini?"

"Siko Kenya. Niko Sirari, semina."

"Ramani inasema Kenya."

"Basi iulize ramani!" Wenzangu kwenye gari wakageuka kunitazama.

Kisha ikaja Jumapili ya korongo.

Nilitoka alasiri, mawingu yakiwa mbali. Nilipopanda ng'ambo, mvua ikaja kwa ghafla kama inavyokuja kule, nikakimbilia nyumba ya kwanza niliyoiona. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mkwewe alijifungulia zahanati kwetu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaiingiza baiskeli yangu ndani kabla hajaniingiza mimi, akaniletea maziwa mgando kwenye kibuyu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kikurya changu kidogo zaidi, lakini tulielewana vizuri sana. Alinionyesha mjukuu. Mvua ilipiga bati, tukanyamaza tukaisikiliza. Nakumbuka nilijisikia nimepumzika.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba simu yangu ilikuwa na tabia ya kuzima programu kimyakimya ili kuokoa chaji, mara tu kioo kinapozimika. Iliizima nilipokuwa nakokota baiskeli korongoni. Na kule juu mtandao haukamati. Kwa hiyo mume wangu, Mbeya, aliiona nukta yangu imeingia korongoni, ikasimama. Akapiga, sipatikani. Akapiga tena na tena. Akampigia mganga mfawidhi wetu. Mganga mfawidhi akampigia mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti, mtu asiyependa kuchelewa katika jambo, akapiga yowe la kuita watu.

Mvua ilipokatika nikaaga. Ninashuka taratibu kwa breki, naona ng'ambo ya korongo watu wamejaa. Pikipiki, mikuki, pinde, panga, mbwa. Nikadhani ng'ombe wameibwa. Nikasogea nikiwa na wasiwasi wa kwenda kufunga vidonda. Mwenyekiti aliponiona alisimama katikati ya maji, suruali imekunjwa, akanitazama kama anayeona mzimu.

"Daktari?"

"Shikamoo mzee. Kuna nini?"

"Marahaba. Si wewe umekanyagwa na tembo?"

"Nani kasema?"

"Mume wako. Ameona kwenye simu."

Mume wangu hakusema tembo amenikanyaga. Alisema nukta imesimama. Lakini maneno yale yalikuwa yametoka Mbeya yakapita kwenye vinywa vingi, na kila kinywa kiliongeza chake. Hakuna aliyenicheka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Watu wameacha shughuli zao, wamelowa, mmoja amekatwa mguu na jiwe kwa kukimbia, kuja kuuchukua mwili wangu, na mimi nina alama ya maziwa kwenye mdomo. Nikaomba radhi kwa kila mmoja. Yule wa mguu nikamfunga bandeji zahanati jioni ile, akaniambia kwa upole, "Siku nyingine umwambie mzee wako huko Mbeya kwamba huku mtu akiwa kimya, si kwamba amekufa."

Wiki nzima wagonjwa walinipokea kwa kunishika mkono kuhakikisha. "Kumbe mzima!" Bibi mmoja alisema alishanililia, na machozi hayarudi.

Simu niliyompigia mume wangu usiku ule siwezi kuiandika yote. Nilipandisha sauti, naye akapandisha.

"Umenifanya kichekesho kijiji kizima!"

"Ningekaa tu nitazame? Wewe ungekaa?"

Nikakata. Hasira yangu haikuwa juu yake peke yake, hata kama yeye ndiye aliyeipokea. Ilikuwa juu ya ile simu, juu ya uhamisho usiokuja, juu ya kuwa na mume ninayemjua siku hizi kwa sauti tu, naye ananijua kwa nukta.

Msamaha wake ulikuja kwa basi, kwenye boksi. Alikuwa amenunua kifaa chenyewe cha GPS, kidogo, cha kufunga kwenye usukani, kwa mtu wa dukani aliyemhakikishia kwamba kinaonyesha kila kitu. Na kweli kilionyesha. Kilikuwa na akili kuliko zile programu zote. Kilifuata njia kona kwa kona, kikajua na vilima. Mtaalamu wa maabara alinisaidia kukifunga, tukakizungukia kama watoto. Kwa siku chache nilikuwa na furaha ya kweli. Safari ileile sasa ilinipa kilomita zilezile.

Kisha mume wangu akapiga. "Mbona sikuoni?"

Hapo ndipo tulipogundua. Kifaa kinajua kilipo, lakini hakimwambii mtu. Ili mtu wa mbali akuone, lazima kiunganishwe na simu, simu iwe na bando, na pawe na mtandao. Yaani tumerudi palepale, ila sasa nina vitu viwili vya kuchaji, na umeme wetu unajulikana. Kukirudisha haiwezekani, boksi limeshafunguliwa.

"Alisema kinaonyesha kila kitu," mume wangu alirudia, na sauti yake ilinisikitisha. Alikuwa amedanganywa akitaka kunitendea mema.

Tukapatana kwa namna iliyoonekana ya busara. Nitaendesha kwenye barabara kubwa ya kwenda Mugumu, ambako mtandao unashika. Yeye ataiona nukta ikitembea, atatulia. Nikafanya hivyo. Malori yalinipita nikafunga macho, nikafungua, nikatema vumbi. Bodaboda walinipigia honi kwa nyuma. Nilikuwa nikirudi nyumbani kitambaa cha kichwa kimegeuka rangi ya udongo, kifua kinakwaruza. Mstari wangu kwenye ramani ulikuwa safi, umenyooka juu ya barabara yenye jina, na wenzangu wa kikundi walinisifu. Sikuwahi kuona mstari ninaouchukia kama ule. Ikafika Jumamosi moja nimeshavaa viatu, nikaitazama baiskeli, nikavua viatu nikafua nguo.

Nikaona sasa ninaiacha. Na nikiiacha, maumivu ya magoti yatarudi na presha itakuja, nami nimeipoteza baiskeli kwa sababu ya kuchagua namna ya kuipima.

Nikampigia kabla hasira haijapoa.

"Naizima hiyo ruhusa," nilimwambia. "Narudi njia yangu. Nitakupigia nikitoka, nitakupigia nikirudi. Kabla sijatoka nitawauliza wachungaji tembo wako wapi, wao ndio wanajua."

"Na hapo katikati?"

"Hapo katikati utangoja. Kama mimi ninavyongoja siku unapokuwa njiani kwenye basi."

"Basi nalo likilala njiani huwa unanipigia mara kumi."

"Napiga kwako. Sipigi kwa mwenyekiti wa kitongoji."

Akacheka kidogo, bila kutaka. Kisha akasema sawa. Ilikuwa ile sawa ya mtu ambaye hajakubali ila amechoka, na mimi niliichukua hivyohivyo, maana sikuwa na hakika ya kupata nyingine.

Jioni ile ile nikauliza, nikaambiwa tembo wameonekana mbali, upande wa Ikoma. Nikampigia, nikatoka. Mashamba yalikuwa yamevunwa nusu. Nilipita kwa yule mama wa maziwa nikamsalimia bila kukaa, nikasimama pale juu penye upepo, nikageuza kabla jua halijashuka. Nilipofika nyumbani nikapiga, akapokea hata simu haijaita vizuri.

"Umefika?"

"Nimefika."

Nikamsikia akishusha pumzi. Alikuwa bado jikoni, sufuria zinagongana, anajipikia. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tuongee habari nyingine, "Umeenda kilomita ngapi leo?"

Nikainama kukitazama kile kifaa kwenye usukani. Kilikuwa kinaandika sifuri. Nilikuwa sijabonyeza cha kuanzia.

Nilitaka kukirusha kwenye muhogo wa jirani. Nikamwambia, "Sijui," nikaenda kutafuta maji ya kuoga.