Dereva wa Kapata Aliyewapeleka Akina Mama Kuona Maji Yasiyokuwepo

KOLWEZI. Giza halijaachia nyumba za Kapata, lakini Mwamba ameshafungua boneti ya basi lake na anamimina maji kwenye rejeta kwa kopo la maziwa ya unga. Anafunga, anafuta mikono kwenye suruali, anapanda na kujaribu ufunguo. Injini inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena, kisha inashika.

Abiria wanaanza kutokea kwenye vumbi, wanaume wa zamu ya asubuhi na vyombo vyao vya chakula, akina mama wanaowahi sokoni. Mmoja wao, mwenye beseni la mihogo kichwani, anaweka mguu mlangoni na kuuliza kwa sauti ya kusikika hadi kiti cha nyuma:

“Tata Omer, leo unatupeleka ku bahari?”

Basi zima linacheka. Mwamba hacheki. Anatazama mbele, anaingiza gia, na safari ya kwenda Musonoi inaanza.

Karatasi zake mpya zinasema Mwamba Kalenga. Jina la Omer, alilobatizwa nalo, liliachwa mwaka jana wakati watu wote wa Zaïre walipoambiwa warudie majina ya mababu. Kapata bado haijazoea. Lakini si jina linalomchoma siku hizi. Kinachomchoma ni utani huo wa kila asubuhi, ulioanza Jumapili moja ya mwezi wa nane, alipojaza basi hili akina mama wa parokia na kuwapeleka kuona maporomoko ya Lualaba.

“Mi ni mutu wa miaka makumi tatu na tano,” anasema baadaye, basi likipumzika karibu na soko. “Nilishaka anguka na motokari, nilishaka fukuzwa kazi. Lakini aya kama ile sijaionaka.”

Ili kuelewa aibu hiyo, sharti turudi nyuma, mpaka siku alipotaka kuoa.

Mwamba ni mtu wa kaskazini ya Katanga. Mwaka 1969 alimpenda Ndaya, binti wa Kasai aliyekuja Kapata kukaa kwa mjomba wake, Mulumba, mfanyakazi wa mgodini. Mama yake Ndaya, Mama Ngalula, alikuwa Mwene-Ditu, huko Kasai, na hakutaka kusikia habari za mkwe wa Katanga. Alikuwa na sababu. Alizaa watoto wake wote Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, na katika fujo zilizofuata uhuru yeye na mumewe walifukuzwa pamoja na Wakasai wengine. Waliondoka ndani ya behewa la mizigo, mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Alipofika kwao aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena nchi ile.

Mulumba ndiye aliyekuwa akibeba maneno kati ya pande mbili. Siku moja alirudi kutoka Mwene-Ditu na swali la dada yake.

“Anasema hivi: kule Kolwezi kuko nini? Mashimo tu na bukungu. Mutoto wangu ataangalia nini kule?”

Bukungu ni vumbi. Mwamba anasema swali hilo lilikuwa na ukweli. Alitazama nje, akaona vumbi. Akafikiria mgodi, akaona shimo. Ndipo akakumbuka maporomoko.

Aliyaona mara moja tu maishani, akiwa mtoto mdogo mabegani mwa baba yake, aliyekuwa kibarua wa barabara upande huu. Anachokumbuka ni kelele iliyompanda kifuani, unyevu usoni, na baba yake akipiga kelele neno asilolisikia. Basi akamweleza Mulumba habari ya mto mzima unaojitupa kati ya mawe, ukungu unaolowesha nguo za mtu aliyesimama mbali, upinde wa mvua unaokaa pale mchana kutwa. Na kwa kuwa Mulumba alikuwa anasikiliza kwa hamu, akaongeza kwamba yeye huenda kule kila mwaka.

“Pale njo nilikosa,” anasema, na kuvuta kofia mpaka kwenye nyusi. “Kusema kila mwaka.”

Jibu la Mama Ngalula lilikuja baada ya majuma kadhaa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema siku moja atakuja kuona hayo maji. Mulumba akasema hiyo ni ndiyo, na ndoa ikafungwa.

Miaka ikapita bila mama kuja. Kisha mwaka huu Ndaya akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Tshibangu, jina la marehemu baba yake Ndaya. Habari ilipofika Mwene-Ditu, Mama Ngalula alifunga mzigo. Mwezi wa saba alishuka kituo cha Kolwezi, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani, akasimama kwenye jukwaa akitazama ardhi kabla ya kuikanyaga vizuri.

Mwamba alimwona kwa mbali tu. Kwa Waluba, wa Kasai na wa Katanga vilevile, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemezani ana kwa ana. Ni heshima kubwa, na katika nyumba yenye vyumba viwili ni kazi kubwa pia. Mwamba alihamishia sahani yake uani. Akitaka kuingia alikohoa kwanza. Neno lolote lilipita kwa Ndaya.

Na neno la kwanza la mama, baada ya kumbeba mjukuu na kumlilia, lilikuwa hili:

“Ndaya, uulize bwana yako, ile mayi tutaenda kuiona siku gani?”

Mwamba alikuwa nyuma ya mlango. Anasema hakuogopa. Kwa nini aogope? “Nilijiuliza, mayi ya Lualaba iende wapi?”

Habari zikasambaa. Mama Tshilombo, kiongozi wa akina mama wa parokia, akasema haiwezekani mgeni kutoka Kasai aone maajabu ambayo wenyeji hawajayaona. Badibanga, mfanyabiashara mwenye basi analoendesha Mwamba, akalitoa kwa Jumapili moja. Usiku wa Jumamosi nyumba nyingi zilipika: bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya mihogo, samaki wa chumvi. Kila mama alivaa kitenge alichokuwa akikitunza.

Mama Ngalula alikaa kiti cha mwisho kabisa na mtoto mapajani. Mwamba aligeuza kioo cha ndani kikatazama dari, asije akakutana na macho yake. Njia nzima akina mama waliimba. Walipopita chini ya nyaya kubwa za umeme zinazoelekea migodini, Mama Tshilombo aliuliza kama kelele ya maji imeanza kusikika. Mwamba akasema bado kidogo.

Waliacha barabara kubwa, wakafuata njia ya majani makavu. Akasimamisha basi, akazima injini. Wote wakanyamaza ili wasikie.

Hawakusikia kitu.

“Ni mbele,” Mwamba akasema, akatangulia kwa miguu. Akina mama walimfuata kwa mstari, na mabeseni yao ya chakula. Njia ikafika ukingoni mwa bonde lenye kuta za mawe, jembamba, refu kwenda chini. Mwamba aliyatambua mawe. Yalikuwa yaleyale, meusi, yaliyolainishwa na maji. Chini kabisa palikuwa na dimbwi la kijani, na kijito ambacho mtu angeweza kukiruka. Shati la mtu lilikuwa limeanikwa juu ya jiwe.

Mwenye shati alitokea kwenye vichaka, mchoma makaa aitwaye Kalombo. Mwamba alimfuata haraka, akamuuliza kwa sauti ya chini, lakini mawe yale yalirudisha kila neno.

“Tata, maporomoko iko wapi?”

“Unasimama juu yake,” Kalombo akajibu.

“Na mayi?”

“Ee, mayi balibeba ku barrage, kule juu. Zamani sana. Inapita mu tuneli, inafanya courant. Weye hapana mutu wa hapa?”

Mwamba anaishi kwa umeme huo. Taa ya nyumbani kwake inawaka kwa huo. Bwawa analijua, hata ziwa lake amelipita akiwa na abiria. Lakini kwa miaka yote haikumpitia akilini kwamba mto uliozuiwa kule ndio mto wa utoto wake. Kichwani mwake ilikuwa mito miwili.

Nyuma yake mtu mmoja akacheka, kicheko cha kuziba mdomo kwa mkono. Kikaruka kwa mwingine. Mama Tshilombo alikuwa amesimama na kitenge chake kipya, vumbi mpaka magotini.

“Tata Omer,” akauliza, “kila mwaka unakuyaka kuangalia hii?”

Mwamba hakugeuka nyuma, maana nyuma kulikuwa na mama mkwe. Mbele kulikuwa na bonde. Akashuka bondeni.

“Nilishuka tu,” anasema. “Hapana kusema natafuta kitu. Miguu ilikataa kusimama pale.”

Alishuka jiwe kwa jiwe mpaka juu wasimwone, akakaa nyuma ya mwamba mkubwa kando ya lile dimbwi. Aliwaza safari ya mama yule, aliyerudi kwenye nchi iliyomfukuza, na kitu alichomwonyesha. Aliwaza kwamba mama atakwenda kusema Mwene-Ditu: nilijua. Alitamani ajali ya basi, homa, chochote ambacho kingekuwa kikubwa kuliko lile jambo. Juu, kicheko kilikwisha. Akasikia Ndaya akimwita, kisha Mama Tshilombo, sasa kwa sauti ya wasiwasi. Hakuitika. Kadiri alivyochelewa kuitika, ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu.

Ndipo ikaja sauti asiyoizoea, kavu, iliyopiga mawe pande zote.

“Mwamba!”

Akina mama waliokuwepo wanasema kila mtu aliganda. Mama Ngalula alikuwa amesimama ukingoni kabisa, mtoto mgongoni, akitazama chini bondeni. Mama mkwe alikuwa amemwita mkwewe kwa jina, kwa mdomo wake, mbele ya parokia nzima.

“Mwamba! Panda. Bukari inapola.”

Bukari inapoa: hayo tu. Mwamba akainuka. Anasema alipanda, haya ya kwanza imefunikwa na nyingine kubwa zaidi, ya kumlazimisha mwanamke mzima avunje heshima yake kwa ajili yake. Lakini alipotoa kichwa ukingoni, mama alikuwa ameshageuka na kumpa mgongo, kama desturi inavyotaka, akifungua beseni. Wakala juu ya mawe. Mwamba alikula peke yake kando ya mti, akitazama upande mwingine. Ndaya alimletea samaki mara mbili. Mara ya pili alimwambia samaki anatoka kwa nani: “Mama njo anatuma.”

Kurudi, hakuna aliyeimba.

Jumatatu, Kapata yote ilijua. Mwamba alimwomba Badibanga ambadilishie njia, apelekwe upande mwingine wa mji ambako hajulikani. Badibanga alicheka hadi akakaa chini, kisha akakataa: tangu Jumapili ile, watu walikuwa wakiyaacha mabasi mengine yapite ili wapande hilo wamtanie dereva.

Kwa muda Mwamba hakukaa nyumbani mchana. Alikula sokoni na kurudi watu wakijiandaa kulala. Ndaya alikasirika. “Nilimwambia, mama hakusema neno hata moja juu ya mayi,” anaeleza Ndaya, akimnyonyesha Tshibangu mlangoni. “Lakini bwana yangu anasikia maneno yenye hakuna mutu anasema.”

Mama Ngalula aliondoka mwishoni mwa mwezi wa tisa. Kituoni, Mwamba alipakia mizigo dirishani huku akitazama magurudumu. Treni ilipoanza kusogea, Ndaya alimfikishia agizo: safari hii ni zamu yake. Aende Mwene-Ditu, aone kwao mama. Kwa majuma yote ya ugeni wake, kumbe, Mama Ngalula alikuwa akiwasimulia majirani wa Kapata habari za kwao: kanisa la matofali lililo zuri kuliko la hapa, chemchemi ya maji baridi nyuma ya nyumba, michungwa inayoinama kwa matunda.

Mwamba alikubali kwa unyonge, kama mtu anayekwenda kulipia kosa. Kisha juma lililopita Mulumba alirudi kutoka huko na ujumbe mpya. Alimkuta Mwamba uani na sahani yake, akakaa, akaufikisha neno kwa neno.

“Dada yangu anasema usikuye na haraka. Bati ya juu ya kanisa iliruka na mupepo, bado kutengeneza. Ile mayi ya baridi iko mbali kidogo, na njia iko mubaya. Machungwa, hii mwaka, hakuna. Anasema alisahabu kukuambia.”

Ndaya anasimulia kwamba mume wake alirudisha tonge sahanini. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtoto akaamka, na yeye mwenyewe akafuta macho kwa mkono wenye sombe. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

Sasa mpango umeiva. Badibanga amempa ruhusa mwezi wa kumi na mbili. Watapanda treni hapa Kolwezi, wabadilishe Tenke, na Tshibangu atabebwa mgongoni hadi nyumbani kwa bibi yake. Ndaya ameshanunua kitenge cha mama, na Mwamba anatafuta misumari mizuri ya bati, kama itapatikana.

Abiria wameanza kujaa tena. Mwamba anapanda, anashika usukani, lakini kabla ya kuwasha anainama dirishani kumalizia. Mulumba atasafiri tena kabla yao, anasema, na amempa jibu la kupeleka.

“Nilimwambia: umuambie mama asitengeneze kitu sababu ya mi. Kanisa kama haina juu, tutaimba na mvula ku kichwa.”