Zamu ya Rael

Safari zile zilianzia msibani, kama mambo mengi mazuri yanavyoanza kwetu. Syombua alifiwa na mama yake huko Kitui, na wanawake waliouza mitumba pamoja naye katika soko moja la Nakuru wakachangishana, wakakodi gari, wakaenda kumzika. Walikwenda wakilia, wakarudi na asali, pojo, na kuku wawili waliofungwa miguu ambao hakuna aliyekumbuka kuwaomba. Njiani Bosibori, ambaye Mungu alipogawa ndimi alipanga foleni mara mbili, akauliza, "Sasa tungoje nani afe ndiyo twende tena?"

Walimkemea, kisha wakacheka, kisha wakaona ana hoja. Wakakubaliana kwamba kila Aprili watamtembelea mmoja wao kwao, katika kaunti yake, wawaone wazazi, wale, walale, warudi. Rael ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa mchango.

Aliuza nguo za watoto, na meza yake ilikuwa ile ya pembeni karibu na choo cha soko, mahali ambapo wateja hupita wakiwa na haraka. Alikuwa mpole, mcheshi kwa watoto, na mtu wa kukunja nguo hata zile zilizokwisha kukunjwa. Kabla ya Kitui hakuwa amewahi kutoka nje ya Nakuru. Alizaliwa katika laini za wafanyakazi wa shamba moja la mkonge, vile vyumba vya mistari ambavyo ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Mama yake alifika hapo akiwa mjamzito, akapewa panga la kukatia mkonge, na kila alipoulizwa ametoka wapi alijibu, "Nilikokuwa." Alikufa kwa kifua Rael akiwa msichana wa shule. Shamba halikuruhusu mtu kuzikwa ndani yake, kwa hiyo pikapu ikampeleka kwenye makaburi ya mji. Baadaye shamba likauzwa, laini zikabomolewa, na leo pale pameota ua wa waya na vibao vya viwanja.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Ni kweli, lakini wahenga hao walikuwa na kwao. Asiye na pa kukataa hawakumsemea neno.

Na sisi Wakenya hatujui kumwacha mtu. Hujamaliza kunywa chai ya kwanza umeshaulizwa kwenu ni wapi. Rael alikuwa akijibu, "Huko mbele," huku akionyesha kwa midomo. Jina lake pia halikumsaidia mdadisi, maana akina Rael wako kwa Wakalenjin, kwa Waluo, kwa Waluhya na kwa Wakisii. Wenzake walibaki wakidhani ni mtu wa Magharibi, au wa Bonde la Ufa, au mtu wa siri tu.

Lakini kutembea, alitembea, na hakuna aliyefurahi kama yeye. Kule Turkana kwa kina Akiru walilala nje juu ya ngozi, na nyanya mmoja asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji akaja akamshika Rael kidevu, akamgeuza huku na huku, kisha akavua shanga shingoni mwake akamvika. "Anasema umekonda, lakini mifupa ni mizuri," Akiru akatafsiri. Kule Nyamira kwa kina Bosibori miteremko ilikuwa mikali kiasi kwamba ng'ombe walionekana kama wameegemezwa, na mvua ilinyesha kila alasiri kama imeajiriwa. Alikula matoke mpaka mama yake Bosibori akapiga vigelegele. Kule Taita alishikwa na baridi milimani akapewa koti la marehemu fulani, na asubuhi akaonyeshwa Mlima Kilimanjaro, akaomba asisemeshwe kwanza. Aliporudi kutoka kila kaunti aliwasimulia wateja wake kwa wiki nzima, nguo hata haziuziki.

Kila walikokwenda walianzia makaburini. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao tangu ule msiba wa Kitui. Kabla ya chai, kabla hata ya kutua mizigo, mwenyeji aliwapeleka walikolala wazee wake, kando ya migomba au penye rundo la mawe, na kila mgeni akajitaja jina na kaunti yake, akawashukuru waliolala kwa mtoto waliyewaachia. Rael alikaa nyuma. Zamu yake ilipofika alisema tu, "Mimi ni Rael. Asanteni," na alimaanisha kuliko wote.

Sasa ikawa Rael peke yake ndiye hajapokea wageni.

"Aprili hii ni wewe," Bosibori akamwambia mbele ya wote. "Na usituambie huko mbele. Dereva atataka kujua kona anakata wapi."

"Nitawaambia."

"Ama kwenu mnaficha? Tusije tukamaliza kuku?"

Wote wakacheka, na Rael akacheka, lakini usiku ule hakula. Hawa wanawake ndio waliokuwa watu wake. Hakuwa na wengine. Aliogopa kwamba wakijua amekula katika nyumba za mama zao miaka yote hiyo, naye hana hata kizingiti cha kuwakaribisha, wangemwona mdoezi, na kundi lingemalizika kwake.

Aliyemwokoa, au aliyedhani anamwokoa, ni Wekesa, muuza vitunguu wa pale sokoni. Wekesa alikuwa na boma kule Kiminini, Trans Nzoia, na moyo mkubwa kuliko akili yake. Aliposikia shida akapiga paja.

"Dada, hiyo tu ndiyo inakunyima usingizi? Walete kwangu! Mimi nitakuwa kaka yako. Mke wangu atapika. Watoto nitawafundisha kukuita senge, yaani shangazi kwa lugha yetu."

"Na wakigundua?"

"Watagunduaje? Sura yangu na yako si zote ni nyeusi?"

Rael akacheka kicheko cha kweli cha kwanza mwezi ule, na Jumapili moja akaenda naye Kiminini kuona kwao kupya. Boma lilikuwa zuri. Mke wa Wekesa alimkumbatia kama wifi kweli, na watoto walikuwa wamekariri somo lao, wanasema "senge" kabla hata hajashuka kwenye boda. Rael alianza kuamini. Alijiona kabisa amekaa kwenye kiti cha mlangoni akiwapokea wenzake.

Kisha Wekesa akampeleka nyuma ya nyumba, penye kaburi lililosakafiwa kwa saruji na kuzungushiwa maua.

"Huyu ni mama. Utawaambia ni mama yako. Mama ni mama. Hebu jaribu."

Rael akasimama pale. Akafungua mdomo aseme, "Mama, hawa ni wageni wangu," na neno la kwanza likagoma kutoka. Akamwona mama yake mwenyewe, mikono imechanika kwa miiba ya mkonge, anamchagulia nyama moja kwenye sufuria isiyokuwa na ya pili. Akalia kwa sauti, mchana kweupe, kwenye boma la watu.

Wekesa akavua kofia. "Basi, dada, basi. Na hata yeye humo ndani, mimi namjua, angeuliza huyu ni nani."

Jumatatu alipofika sokoni hakupanga nguo. Aliwaendea wenzake walipokuwa wakinywa uji, akasema yote akiwa amesimama. Kwamba hana kwao, hajui kaunti ya mama yake wala ya baba yake. Kwamba alitaka kuwapeleka kwa kaka wa kukodi. Kwamba alicho nacho ni kaburi kwenye makaburi ya mji na vyumba viwili vya kupanga mtaani Kaptembwo. "Anayetaka kuja, Jumamosi asubuhi nitakuwa kwenye lango la makaburi. Asiyetaka, sitamlaumu. Mmenilisha vya kutosha."

Bosibori alikodolea kikombe chake macho. Syombua, aliyekuwa mkubwa wao, akasema tu, "Tumesikia." Kisha wateja wakaja, na wiki ikaenda hivyo, watu wakisalimiana kwa adabu nyingi mno.

Jumamosi Rael alitangulia na panga la kufyekea. Alikuwa na hofu ya pili ambayo hakuitaja sokoni. Msalaba wa mbao aliouacha juu ya mama yake ulikuwa umekwenda zamani, pengine ulipika chai ya mtu. Alichojua ni mstari tu, kutoka kwenye mti wa msonobari hadi ukutani, vichuguu vya makaburi vimepangana, vingine vimezama, vyote bila jina. Alifyeka mstari mzima. Alipomaliza akaenda kusimama langoni, jasho likimtiririka, akaitazama barabara. Pikipiki zilipita. Mchuuzi wa miwa akapita. Aliomba Mungu aje walau mmoja, na akaomba awe Syombua.

Walikuja wote. Walitokea kwenye kona wakiwa wamevaa vitenge vya sare kama wanavyofanya kila safari, na vichwani wamebeba unga, sukari, majani ya chai, na blanketi jipya bado limo kwenye nailoni, kwa sababu kwa mama wa mtu hakuendwi mikono mitupu. Mlinzi wa makaburi akawauliza kama wamepotea njia ya harusini.

"Tumekuja kwa mama yetu," Akiru akamjibu. "Fungua."

Rael aliwaongoza. Walipofika kwenye mstari akasimama, wenzake nao wakasimama, wakingoja awaonyeshe.

"Ni lipi?" Bosibori akauliza.

"Sijui," Rael akasema. "Yumo humu. Kutoka mti ule hadi ukuta. Nisameheni, sijui ni lipi."

Syombua akatua unga wake chini, akafunga leso vizuri kiunoni, akaenda kwenye kaburi la kwanza kabisa, chini ya msonobari, akainama.

"Mimi ni Syombua, wa Kitui. Tunamtafuta mama yake Rael. Kama si wewe, tunaomba radhi kwa kukuamsha, na umfikishie jirani yako salamu. Asante kwa mtoto."

Akasogea kwenye la pili. Nyuma yake akaingia Akiru, "wa Turkana, kule jua halipumziki," na nyuma ya Akiru wengine, mmoja mmoja, kaunti kwa kaunti, wakiteremka mstari ule kuelekea ukutani na kuwashukuru marehemu wasiowajua. Bosibori alikuwa wa mwisho. Alianza kwa ule mdomo wake: "Mimi ni Bosibori, wa Nyamira. Huyu mtoto wako alikuja kwetu akamaliza matoke." Akainama. "Mama, mlikuwa wawili tu na ukamlea hivi. Asante. Asante sana." Akashindwa kuendelea, akapita makaburi yaliyobaki akiyagusa tu kwa kiganja.

Rael alikuwa ameketi kwenye nyasi. Shukrani ilikuwa imemjaa mpaka kifua kinauma, na aliiacha iume.

Kilichobaki ni blanketi. Kila nyumba waliyofika, blanketi lilipokewa na mama, au na yule anayekaa kwenye kiti cha mama. Wanawake wakatazamana. Akiru akachana nailoni kwa meno, Syombua akalikunjua, zito, jekundu, likinukia duka, akamwinua Rael na kumfunika nalo mabegani.

"Boma haliwezi kukosa mama," akasema. "Sasa tupeleke ndani, wageni wako wana njaa."

Wakaenda kwa miguu hadi Kaptembwo, yeye mbele, wao nyuma na mizigo vichwani, majirani wakitoka milangoni kuuliza kuna nini. Jua lilikuwa la kuanikia mahindi. Bosibori alimwambia mara mbili atoe lile blanketi asije akaiva, na mara zote mbili Rael akalivuta likamkaa vizuri zaidi.