Chupa ya Shahidi

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia, na Kasulu ya miaka ile ya sabini haikunisaidia. Nilipelekwa huko kutoka Tanga nikiwa na miaka ishirini na minne, nina cheti cha maabara na sweta moja la kuazima. Asubuhi ukungu ulikaa vilimani mpaka saa tatu, mvua ikianza haikumwambia mtu itaisha lini, na barua ya nyumbani ilifika imechoka kuliko mimi. Kila mwezi niliandika ombi la uhamisho. Mkubwa wangu, bwana maji wa wilaya, alilipokea kwa heshima zote na kulitia kwenye droo ambayo sikuwahi kuona ikifunguliwa kwa kazi nyingine.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi: meza, rafu ya mirija ya kioo, sufuria ya mvuke ya kuchemshia vyombo, na kabati la joto lililowashwa kwa mafuta ya taa. Kazi yangu ilikuwa kupima maji ya chemchemi. Unayachota kwa chupa iliyochemshwa, unayatia kwenye mirija yenye mchuzi wa rangi ya zambarau, halafu unaifungia kabatini siku mbili. Mchuzi ukibaki zambarau, maji ni salama. Ukigeuka njano na kutoa mapovu, ujue uchafu wa watu au wa mifugo umeingia.

Sasa mpe mtu asiye na subira kazi ya kungoja siku mbili mbele ya kabati. Mwanzoni nilikuwa nalifungua kila baada ya saa moja kuchungulia, mpaka nikatambua kwamba kila nikichungulia namwaga joto. Nikawa naufunga mlango kwa kamba, najitoa mwenyewe kama mtoto mtundu, nakwenda kunywa kahawa dukani kwa mzee mmoja mwenye ndugu zake Pangani. Alinipa habari za pwani ambazo sote wawili tulijua ni za mwaka jana. Nilizinywa pamoja na kahawa.

Lakini kwenye kazi sikuwa na mchezo. Mwalimu aliyenifundisha Dar es Salaam alitukataza kufuta kitu kwenye daftari: ukikosea, piga mstari mmoja, tia sahihi, kosa lisomeke. Na alitufundisha chupa ya shahidi. "Kila safari," alisema, "jaza chupa moja kwa maji uliyoyachemsha mwenyewe. Isafiri na wenzake, irudi na wenzake, ipimwe kama wenzake. Ikitoka safi, waamini wenzake. Ikichafuka, usimwamini hata mmoja, maana uchafu umetoka kwako." Wenzangu wengi walipofika mikoani waliiacha sheria hiyo, wakasema ni kubeba maji kuyapeleka kwenye maji. Mimi niliishika kwa ukaidi, labda kwa sababu ndicho kitu pekee pale Kasulu nilichokiona ni changu.

Wakati huo watu wengi wa vilima vile walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani kwao na kukusanywa kwenye vijiji vipya kando ya barabara. Kimoja kilikuwa njia ya kwenda Kibondo. Chemchemi yake ilikuwa juu mlimani, kwenye uwanja wa bibi mmoja mjane ambaye hakuhamishwa, kwa kuwa kijiji ndicho kilichomfuata yeye. Aliitunza chemchemi ile kama jikoni kwake. Alifyeka majani, alifukuza mbuzi, na mwanamke aliyekuja na chungu chenye masizi alirudishwa nyumbani kukisugua kwanza. Tatizo lilikuwa mteremko. Wanawake walishuka na madebe kichwani kwenye udongo mwekundu unaoteleza, na siku chache kabla hatujafika mmoja wao, mjamzito, alianguka akavunjika mkono.

Stoo ya Kibondo ilikuwa na mabomba na saruji ya kutosha chemchemi moja tu. Lori lingeondoka Jumamosi. Karatasi yangu ikisema maji ya bibi ni safi, lori lingekwenda kwake na maji yangeshushwa mpaka katikati ya nyumba. La sivyo, lingekwenda kijiji kingine ambacho maji yake nilikuwa nimekwisha kuyapitisha.

Tulikwenda Jumanne. Dereva wetu, Mmanyema wa Ujiji, alinitania njia nzima. "Bwana, wewe siku uliyozaliwa ulitoka unakimbia?" Nilimwambia akanyage mafuta. Maji ya kupimwa hayapaswi kuzeekea njiani, nami nilitaka kuwa nimerudi Kasulu kabla ya jua kuzama.

Tulilipandisha gari mpaka lilipogoma, kisha nikabeba sanduku la chupa mpaka kwa bibi. Alinipokea kwa kupiga makofi ya taratibu, ameinama kidogo, kama wanavyosalimiana Waha. "Mwakeye, mwanangu. Karibu." Salamu zao ni ndefu. Watoto hawajambo, shamba halijambo, ulikotoka hawajambo, na makofi yanaendelea. Mimi niliitikia nusu tu huku nikitazama saa. Kabla hajamaliza, nikasikia honi kule chini. Gari lilikuwa linateleza kuelekea mfereji. Nikaliweka sanduku juu ya kigoda chake, nikashuka mbio.

Tulisukuma karibu saa nzima. Niliporudi, matope magotini, nilikuta chupa zangu zimepangwa juu ya jani la mgomba, vifuniko vimefungwa vizuri na kamba zake. Fundo halikuwa langu. Hilo nililiona kabisa kwa macho yangu, na nilichofikiri ni kwamba jua linakwenda. Nikajaza zile tupu kwenye chemchemi, nikazifunika kwa gunia lililoloanishwa pamoja na ile ya shahidi, nikaondoka bila kuaga sawasawa.

Alhamisi nilifungua kabati. Mirija yote ilikuwa njano. Ya chemchemi njano, na ya shahidi njano vilevile, ina mapovu.

Niliketi, nikasimama, nikaketi tena. Nilikagua sufuria ya mvuke, nikanusa mchuzi, nikasoma daftari tangu Jumatatu. Hakuna nilichokiona. Mwishowe nikaenda kwa mkubwa wangu na kumwambia kwamba sina jibu.

"Huna jibu vipi? Ni safi au ni chafu?"

"Sijui, mzee. Shahidi ameharibika. Nipe mpaka wiki ijayo nipime upya."

"Lori la Kibondo halingojei mirija yako. Andika chafu, tumalize."

"Sina ushahidi kwamba ni chafu."

"Basi andika safi. Yule bibi kayanywa tangu Mjerumani, mbona hajafa?" Alivuta ile droo, akatoa karatasi, akaniwekea mezani. Ilikuwa ombi langu la uhamisho, limekwisha kutiwa sahihi yake. "Nilitaka kukupa Jumamosi, ukimaliza kazi hii. Tafadhali maliza."

Niliitaka karatasi ile jamani. Nilitazama wino wake mpaka nikahisi harufu ya bahari. Halafu nikachukua fomu ya majibu na kuandika: *Hakuna jibu. Chupa ya shahidi imeharibika.* Nikatia sahihi. Mkubwa akasoma, akalirudisha ombi langu drooni, akaifunga droo kwa goti. Nilitoka pale nikijiona mwanamume wa haki, na hasira zinanichemka, kwa sababu haki yenyewe ilinigharimu Tanga.

Ijumaa nilimbembeleza dereva tukarudi kijijini. Safari hii nilibeba chupa mpya, na nilizifunga mimi, kwa kuwa lile fundo geni lilikuwa limenikosesha usingizi usiku kucha. Bibi alikuwa kwenye chemchemi na wanawake kama kumi wenye madebe. Akaanza makofi yake. Sikungoja.

"Bibi, Jumanne ulizigusa chupa zangu?"

Uso wake ukachanua. "Nilizisuuza zote, mwanangu. Kwetu hapa mgeni hapewi chombo hakijasuuzwa. Nikaingiza na kidole, nikafuta na kanga. Ile moja ilikuwa na maji yaliyolala. Nikaonja, yamekufa, hayana ladha. Nikayamwaga, nikakutilia *amazi* mapya. Mgeni wangu atembee na maji ya jana, na mimi nina chemchemi? Ningeona haya."

Aliyasema hayo kwa furaha ya mtu anayetaja zawadi aliyokuwa ameificha. Nami, mbele ya wanawake wote wale, nikamlipukia.

"Umeharibu kila kitu! Unajua ulichofanya? Lori linaondoka kesho, bomba linakwenda kwa wengine! Ni mikono yako, bibi! Mikono yako ndiyo iliyowanyima hawa wote bomba!"

Wengi wao hawakuwa na Kiswahili cha kutosha. Mmoja akawatafsiria kwa Kiha, kwa maneno machache sana, machache kuliko yangu. Nikaona macho yanahama kutoka kwangu kwenda kwa bibi. Naye alisema neno moja tu, "Sikujua," akasogea pembeni ili nichote maji yangu. Nilichota. Hakuna aliyenisogelea na hakuna aliyenisaidia.

Tulikuwa tumekwenda mwendo mrefu dereva hajanitania hata mara moja, na hilo lilinitisha. Kisha akauliza, "Ulimwambia asizishike?"

"Hapana."

"Ulimwambia ndani ya ile moja mna nini?"

"Hapana."

"Alikuuliza habari za watoto, habari za shamba, habari za ulikotoka. Wewe ulikuwa unatazama saa." Akabadilisha gia. "Hasira hasara, bwana. Lakini hasara ya leo hukuilipa wewe."

Kuchemsha vyombo nilijua, na kufunga fundo, na kupiga mstari mmoja kwenye daftari. Sentensi moja ya kumwambia mwenye nyumba, *bibi, chupa hizi tafadhali zisiguswe, kwa sababu hii na hii*, sikuwa nayo. Ingechukua muda mfupi kuliko salamu zake.

Jumamosi lori lilikwenda kule kwingine. Jumapili, ofisi imefungwa, nilifungua kabati peke yangu. Mirija yote ya chemchemi ilikuwa zambarau, na ya shahidi zambarau, hakuna povu hata moja. Nilisimama pale nikicheka kwa uchungu. Yaani kama Alhamisi ningesema uongo, nikaandika safi na kuchukua ombi langu, uongo huo ungegeuka kweli siku tatu baadaye, wanawake wangepata bomba lao na mimi ningekuwa naelekea pwani. Nimelizungusha jambo hilo kichwani miaka mingi sana. Bado nasema niliandika nilichopaswa kuandika. Bado silali vizuri nikilikumbuka, na si kwa sababu ya niliyoyaandika.

Wiki iliyofuata niliomba lifti ya lori la pamba, nikashukia kijijini, nikapanda mlima kwa miguu na karatasi ya majibu mfukoni. Bibi alikuwa uwanjani anapepeta maharage. Nilimsalimia mimi kwanza, nikapiga makofi mimi, vibaya kama ninavyojua, nikauliza habari za shamba na za wajukuu, nikangoja kila jibu. Aliitikia kwa adabu. Kisha nikamwambia nilichokuja kusema: maji yake ni safi kabisa, kosa lilikuwa langu kwa kutomweleza, na nimekuja kumwomba radhi kwa maneno niliyomtolea mbele za watu.

"Nimesikia, mwanangu," alisema. "Yamekwisha."

Nikamnyooshea karatasi. Hakuipokea. Alinionyesha kigoda, akasema niiweke pale.

Sikujua la kufanya, nikasema nina kiu. Nilidhani nikimwomba maji yake nitakuwa nimemrudishia kitu. Aliingia ndani akatoka na kibuyu kitupu, lakini hakunipa mkononi. Alikiweka chini mbele yangu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Kachote mwenyewe. Na ukisuuze mwenyewe. Mimi sishiki tena chombo cha mtu."

"Bibi, nimekwambia, mikono yako haina kosa."

"Nimesikia. Ila na hawa wenzangu wa hapa hawataki tena niwatwike debe. Wananiambia, bibi, wewe kaa tu."

Nilimsihi. Nilikisuuza kibuyu, nikachota, nikarudi nacho kimejaa, nikamwomba kwa jina la Mungu akishike tu, anipe kwa mkono wake kama mgeni wake. Alitikisa kichwa kwa upole, akaniambia ninywe, maana jua lilikuwa kali na njia yangu ilikuwa ndefu. Maji yalikuwa matamu na baridi. Nilikunywa nimesimama, naye akinitazama kutoka mlangoni kwake, mikono yote miwili ameiingiza ndani ya kanga.